Kitambaa Kilichobaki Kikavu

Siku moja naikumbuka kwa vifundo vya miguu, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa akili. Maji ya baridi yakinigusa hapo, hata yawe ya ndoo uani, moyo husimama kidogo, nami hugeuka kutazama nyuma. Watu wa nyumbani wamezoea. Leo, kwa kuwa unakwenda chuoni, na kwa kuwa jana nimekusikia ukibishana na kila aliyefungua kinywa, nitakueleza sababu ya kugeuka huko.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mvi zangu bado zahesabika, na kiti hiki cha wazee nimekikalia kwa kuazima. Lakini hofu humzeesha mtu upesi kuliko miaka, na mimi ilinizeesha asubuhi moja, kati ya saa nne na adhuhuri.

Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya jiografia, sina kazi, nimerudi kwetu Nguvumali nakaa na baba. Baba akisema mvua inakuja kwa sababu milima ya Usambara imejifunika, namdai ushahidi. Jirani akitaja dawa ya kikohozi, namwuliza nani kaipima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilikuwa nikidhani wenzangu wote wana vipara.

Ndipo mama mdogo Zuhura akanipigia simu. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea. Aliolewa katika kijiji kimoja cha upwa, upande wa Mkinga, na huko yeye na wanawake wenzake kumi walikuwa wakilima mwani: wanapigilia vijiti chini ya maji, wanatandaza kamba baina ya vijiti, na juu ya kamba wanafunga vishada vya mwani, mpaka vikue vivunwe. Kila msimu waligombana na kikundi cha jirani juu ya mipaka. Mwenyekiti wa kijiji akawaambia mwisho wa maneno ni ramani.

“Wewe si umesoma ardhi?” mama mdogo aliniambia. “Basi njoo utuchoree na sie ardhi yetu, japo iko majini.”

Nikaenda, na simu yangu, na futi ya kamba, na daftari lenye karatasi za miraba.

Nikupe sura ya mahali pale, maana bila hiyo hutanielewa. Kijiji kimekaa juu ya rasi ndogo. Kusini ya rasi bahari imeingia ndani ya nchi kama ulimi, ndilo hori, na pande zote za hori ni mikoko. Mbele ya kijiji, maji yakikupwa, unatembea juu ya tope mpaka ufike kwenye mkondo, mfereji mpana uliochimbwa na bahari yenyewe, unaopita sambamba na ufuko na kwenda kumwaga kwenye hori. Ukiuvuka mkondo unapanda fungu, tuta refu la mchanga. Ukilipita fungu unateremka tena polepole mpaka kwenye mwamba, na hapo ndipo yalipo mashamba ya mwani. Kwa hiyo wanawake wale wakiwa kazini walikuwa na bahari mbele yao, na nyuma yao, baina yao na nyumba zao, ule mkondo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na ndizo siku za kazi kubwa ya mwani. Mkondo wakati huo huwa na maji ya kifundoni. Lakini bamvua iliyokwenda mbali hurudi kwa mbio, na hairudi kwa mbele peke yake. Huingia kwa mdomo wa kaskazini wa mkondo, ikaufuata kimya kimya kuelekea hori na kuujaza nyuma ya watu, huku mbele yao mchanga bado mkavu na ndege wanatembea.

Jambo hilo mimi nililisoma. Nililifanyia mtihani. Nilijua hata jina lake.

Wanawake wale hawakulisoma, lakini walikuwa na mti. Ulikuwa ufito wa mkoko, umesimikwa katikati ya mkondo, pale penye kina kuliko pote, mkabala na pengo la fungu ili uonekane kutoka mashambani, na umefungwa vitambaa vitatu vya kanga kuukuu: kimoja usawa wa goti, cha pili usawa wa paja, cha tatu usawa wa kiuno. Mmoja wao hupewa zamu ya kutazama nyuma. Kila akimaliza kishada huinuka, huutazama mti, na kuwapigia wenzake kelele. Maji yakigusa kitambaa cha kwanza hulia “Goti!”, na kila mtu huanza kukusanya vyake. Akilia “Paja!”, wanatupa kilichobaki na kuondoka. “Kiuno” hakuna aliyewahi kulilia. Wote walikuwa watu wa kutembea, si wa kuogelea. Watu wa bara hushangaa, lakini wanawake wengi wa pwani bahari yao ni ya miguu. Mama mdogo Zuhura, aliyekuwa mfupi kuliko wote, alikuwa akiogopa maji yakipita kifua.

Siku mbili za kwanza nilifanya kazi vizuri. Nilikuwa na swali kwa kila mtu. Kwa nini mnafunga vishada karibu hivi? Kwa nini kamba zimeelekea huku? Bi Mwanakombo, mkubwa wao, mwanamke mkavu kama uduvi, alinijibu mengine na mengine akaniachia. Nilipomwonyesha kwenye simu picha ya upwa wao iliyopigwa kutoka juu, akaikodolea macho.

“Fungu mbona limekaa kusini hivi?”

“Ndipo lilipo, bibi.”

“Ndipo lilipokuwa. Fungu hili lina miguu, mwanangu. Kila kusi ikivuma husogea.” Akanirudishia simu. “Na maji yako wapi? Pote hapa pamepakwa rangi moja.”

“Ilipigwa maji yamekupwa.”

“Basi hiyo inajua saa moja tu.”

Nikacheka moyoni. Nilimwona mzee asiyejua ramani. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wamesema waliotutangulia. Mimi nilikuwa nikiyahesabu kwenye skrini.

Siku ya tatu kusi ilikuwa imeanza kuvuma, si kwa nguvu, kiasi cha kukupeperushia ushungi. Tulivuka mkondo saa nne, maji ya kifundoni kama kawaida. Zamu ya kutazama nyuma ilikuwa ya Mwanaidi, msichana mcheshi kuliko wote, aliyekuwa amenibatiza Bibi Vipimo.

“Bibi Vipimo, leo wapima nini?”

“Fungu.”

“Ukimaliza mpime na mume wangu. Nahisi kila mwezi anapungua.”

Wenzake wakaangua kicheko, wakashuka kwenda mashambani. Nikabaki nyuma peke yangu. Nilitaka alama moja iliyo wima, inayoonekana kutoka kila pembe, ili nipimie umbali. Nilisimika kijiti, upepo ukakiangusha. Nilitazama huku na huku, na kitu pekee kilichosimama wima katika upwa ule mzima kilikuwa ule mti wa vitambaa.

Nilitazama jedwali la maji kwenye simu. Maji yalikuwa hayajamaliza hata kukupwa. Nilijiambia nitauazima nusu saa. Nilijiambia na zaidi, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo: nilijiambia kwamba watu wenye simu mifukoni hawana haja ya matambara.

Niling'oa mti. Nikapanda nao hatua arobaini kuelekea walipo wenzangu, nikausimika juu ya fungu, kando ya lile pengo. Mahali pale palikuwa juu kuliko mkondo kwa zaidi ya kimo cha kiuno. Kwa aliye mbali, anayeona vitambaa tu mbele ya weusi wa mikoko, hakuna kilichobadilika.

Mwanangu, kazi ilinoga. Nilipima, nikaandika, nikafuata ukingo wa fungu mpaka mwisho wake wa kaskazini, na kweli niliona limesogea, kama alivyosema Bi Mwanakombo. Nikafurahi kama niliyeligundua mimi. Nusu saa ikawa saa, saa ikawa saa na nusu. Nilimsikia Mwanaidi akiinuka na kupiga kelele, sauti yake ikibebwa na upepo:

“Bado! Kikavu!”

Nami nikaendelea kuandika. Baada ya muda, tena:

“Bado! Kikavu!”

Nilisikia kwa masikio haya mawili. Nilijua kitambaa kile kiko wapi na nani kakiweka. Lakini maneno yale yalikuwa ya mambo yao, na mimi nilikuwa na mambo yangu, na baina ya sikio na akili hayakukutana na kitu. Mara ya tatu aliposema “Kikavu” nilikuwa nimechuchumaa naandika namba, na maji ya baridi yakanigusa vifundo. Yalitoka nyuma. Yalitoka upande wa nchi kavu.

Niligeuka. Mkondo haukuwako. Palikuwa na bahari moja pana kutoka chini ya miguu yangu mpaka kwenye mizizi ya mikoko, inakwenda taratibu kuelekea hori, haina hata wimbi. Na mti wangu, umesimama juu ya fungu, vitambaa vitatu vinapepea, vikavu.

Nilikimbia kuelekea mashambani nikipunga daftari. Bi Mwanakombo aliinua kichwa akaniona, kisha akatazama si mti bali miguu yangu iliyolowa.

“Acheni,” akasema. “Kila kitu. Chukueni kamba tu.”

“Mbona kikavu?” Mwanaidi alisema. “Bibi, tazama, kikavu!”

“Kamba, Mwanaidi!”

Walifunga kamba mbili za mwani ncha kwa ncha, sote tukaishika, Bi Mwanakombo mbele kwa sababu aliijua njia hata kwa nyayo, mama mdogo katikati, mimi mwisho kwa sababu nilijifunza kuogelea chuoni. Watu kumi na wawili. Tulipopita karibu na mti niliutazama, na hakuna mwingine aliyeutazama. Kila mtu alikuwa akiyatazama maji.

Yalifika gotini. Pajani. Kiunoni. Nilikuwa nikiyasema kimoyomoyo, neno baada ya neno, na hakukuwa na aliyeyapigia kelele. Katikati ya mkondo yalinifika kifuani, na chini yake kulikuwa na mvuto usioonekana juu, unakuchukua nyonga taratibu kama mtu anayekusukuma kwa adabu. Mbele yangu nilimsikia mama mdogo akisoma Ayatul Kursi. Maji yalikuwa kwenye kidevu chake. Alikuwa akiinua uso mbinguni ili apate kusoma.

Kisha kisomo kikakatika.

Niliona kamba imelegea mahali pake. Niliona ushungi wake hatua tatu kando, halafu sita. Nikaiacha kamba nikaogelea. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa kijana, na kila nikitupa mkono alikuwa mbele zaidi. Nilifika kwenye kitu chekundu, nikakikamata kwa mikono miwili nikakivuta kwangu. Ilikuwa kanga. Kanga peke yake.

Sikumbuki nilivyofika ufukoni. Nakumbuka wenzangu wamepiga magoti kwenye tope wanatapika maji, Bi Mwanakombo anahesabu kwa kidole, anahesabu tena. Kumi na mmoja. Nakumbuka nikikimbia kando ya hori, mizizi ya mikoko ikinichana miguu, naita “Mama! Mama!” bila ya mdogo, na hori halijibu. Maji yalikuwa yakiingia ndani kwa ndani kati ya miti, na kila nilipotazama palifanana na pale nilipotoka. Mimi niliyechora hori lile jana yake kwa kalamu ya buluu, mstari mmoja mzuri, sikujua pa kutia mguu.

Mwanaidi ndiye aliyemwona. Alikuwa amekumbatia mkoko, maji shingoni, macho wazi, hawezi kusema. Tulimfikia kwa kamba, tukishikilia mzizi kwa mzizi. Hakutaka kuuachia ule mkoko. Ilibidi tumbandue kidole kimoja kimoja, na viganja vyake vilikuwa vimechanika. Alikuwa hai. Alhamdulillahi, alikuwa hai.

Ungedhani hofu yangu iliishia pale. Hapana, iligeuka sura tu.

Alasiri ile, uani kwa mama mdogo, wanawake walikuwa wamekaa kwenye majamvi, na maneno yakamwangukia Mwanaidi.

“Macho yako yalikuwa wapi?”

“Kilikuwa kikavu, wallahi kilikuwa kikavu!”

“Kikavu, na Zuhura kanywa bahari nusu?”

“Wewe kazi yako kucheka tu. Kucheka na kutazama havikai kichwa kimoja.”

Msichana yule alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akaanza kusema, “Labda sikutazama vizuri. Labda nilitazama kitu kingine.” Nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika bakuli la uji wa mgonjwa, na sikusema kitu. Mti wenyewe ulikuwa umekwishachukuliwa na maji. Hakuna aliyejua ila mimi na Mola wangu. Nilitishika kugundua jinsi ilivyo rahisi kunyamaza.

Asubuhi nilipombadilisha mama mdogo vitambaa vya viganjani, nikamwambia. Nilisema yote, kutoka kung'oa mpaka “Kikavu” ya tatu.

“Mie nilikunywa maji tu,” akasema, sauti bado imekwaruza. “Yatatoka. Yule mtoto unamnyang'anya macho yake. Nenda.”

Nikaenda. Nilimkuta Mwanaidi kwa Bi Mwanakombo, wanafungua mafundo ya kamba. Nikasema tena, mbele yao wote wawili. Mwanaidi hakunitukana. Alifunika uso kwa mikono akasema, “Kilikuwa kikavu kweli,” kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Bi Mwanakombo aliendelea na fundo lake mpaka likafunguka.

“Uling'oa.”

“Ndiyo, bibi.”

“Ulimwuliza nani?”

Nikachukua fundo moja la kamba, nikaanza kulifungua.

“Tangu ulipokuja umeniuliza mambo mpaka masikio yameota sugu,” akasema. “Nikafurahi. Nikasema, mtoto huyu ana kiu. Kumbe unauliza yale tu unayojua kwamba huyajui. Lile ulilodhani unalijua, hukuliuliza hata mara moja. Siku tatu umeupita mti ule, asubuhi na adhuhuri. Siku tatu, mwanangu! Hukusema hata: bibi, matambara haya ya nini?”

“Nilijua ni ya nini, bibi.”

“Ulijua ni ya nini. Hukujua yanamshikilia nani.”

Hapo ndipo nilipolia.

Adhabu yangu ilikuwa moja. Bamvua iliyofuata nilikata ufito mpya, nikafunga vitambaa, na Bi Mwanakombo akanisimamisha hapo mkondoni, mgongo wangu kwa bahari, siku zote za bamvua ile, niwe mimi wa kutazama na kuita. Sijawahi kuogopa vile. Kila dakika tano niliona maji yamepanda na hayajapanda. Yalipogusa kitambaa kwa kweli, sauti yangu ilipasuka: “Goti!” Na kutoka mbali, kwenye mwamba, nikamsikia Mwanaidi:

“Bibi Vipimo, una hakika?”

Wakacheka wote. Lakini walikuja. Mama mdogo hakuwamo. Mpaka leo hajakanyaga tena upwa ule, na mwani huununua kwa wenzake akatengenezea sabuni.

Ramani niliimaliza. Imetundikwa ofisi ya kijiji. Ina rasi, hori, fungu na mwamba, na mwaka wa kupimwa kwa fungu nimeuandika, kwa sababu fungu lina miguu. Na katikati ya mkondo kuna alama ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha, kijistari wima chenye vidoti vitatu. Kwenye ufunguo wa ramani nimeieleza hivi: mti wa kutazama nyuma, usiguswe.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Sikuambii uache kuhoji. Mimi mwenyewe sijaacha. Bado baba ananikimbia nikianza. Kuuliza si ujinga, na wapo wazee waliokosea, na zipo desturi zinazostahili kung'olewa. Lakini kabla hujang'oa kilichosimikwa, mtafute aliyekisimika, au aliye mbali anayekitegemea, umwulize kwa mdomo wako na usubiri jibu. Shaka isiyofika kwa mwenye jambo bado haijawa swali. Ni kiburi kilichovaa miwani. Lihoji kwanza lile unalodhani unalijua, maana hilo ndilo litakalokuzamisha, na halitakuzamisha peke yako. Na ukisikia mtu akisema “bado, kikavu” kwa sababu ya jambo ulilolihamisha wewe, usiendelee kuandika. Inuka. Na likishatokea la kutokea, usimwache mwingine abebe macho yako mabovu hata kwa usiku mmoja.

Nenda salama. Mungu akupe elimu na akupe wa kuuliza. Akuonyeshe maji ya nyuma yako yakiwa bado gotini, na akuwekee mtu wa kukuita, na wewe akupe miguu ya kuitika. Amin.